Mhariri, ile namba mmeizidisha moja

Mhariri salaam,

Kwenye ukurasa wenu wa teknolojia wa Jumapili mmeandika eti saa za kompyuta za zamani zitagoma mwaka 2038 zikifika sekunde 2,147,483,648. Hapana jamani, mwisho wake ni 2,147,483,647. Najua kuna atakayesema moja tu nayo ya kuandikia barua, ila kwa namba hii hiyo moja ndo kila kitu.

Hiyo mliyoweka nyie ni 2 kipeo cha 31, ukiivunja vunja hupati kingine zaidi ya mbili mbili mpaka mwisho. Toa moja sasa, inakuwa namba tasa, haigawanyiki kwa chochote isipokuwa 1 na yenyewe! Na ukiongeza moja kwenye ile yenu, inayoishia 649, jumlisha tarakimu zake unapata 48 kwahiyo 3 inaingia, mtoto wa darasa la tano anaimaliza.

Utajuaje hiyo inayoishia 647 ni tasa bila kompyuta? Kwa njia ya shuleni unajaribu kila namba tasa mpaka kwenye kipeuo chake cha pili, ambacho ni 46,340 na ushee, hapo una namba zaidi ya 4,700 za kugawia. Mwanahisabati Leonhard Euler kule St. Petersburg, Urusi, hakutaka kazi hiyo, alionyesha kwamba kama kuna namba tasa yoyote inayoigawa basi hiyo namba nayo ukiigawa kwa 248 lazima ibaki 1 au 63, ukichuja hivyo zinabaki hazifiki 400 na nyingi unazitupa tena maana sio tasa. Zilizobaki akazijaribu, hakuna iliyoingia, mwaka 1772 akamwandikia mwanahisabati mwenzake Bernoulli. Na macho ya huyo mzee yalikuwa karibu yameisha kabisa, mi hapo ndo huwa nachoka.

Halafu 1811 Peter Barlow wa Uingereza akaandika kwamba namba kamilifu inayotengenezwa na tasa hii (kamilifu ni ile ambayo vigawo vyake vidogo ukivijumlisha unaipata yenyewe) labda ndo kubwa kuliko zote zitakazopatikana, kwa sababu hazina faida yoyote nani ahangaike kutafuta nyingine. Mfaransa Lucas 1876 akaleta tasa yenye tarakimu 39. Faida ya tasa ya Euler nayo ndo hii tunaibeba mfukoni, kompyuta ikihesabu kwa biti 32 (yaani nafasi 32 za kuweka 0 au 1) moja inatunza alama ya chanya au hasi, zinabaki 31, basi kubwa kuliko zote inayoingia ni hiyo tasa ya Euler. YouTube walilazimika kubadilisha kaunta ya watazamaji 2014 sababu ya video moja tu ya Korea Kusini iliyoipita namba hii.

Na saa zinahesabu sekunde toka 1 Januari 1970. Kwetu Afrika Mashariki itatimia Jumanne 19 Januari 2038, saa 12 na dakika 14 asubuhi na sekunde 7, sekunde inayofuata mashine isiyorekebishwa inajua ni Desemba 1901. Kwa hesabu yenu nyie ingekuwa sekunde ya 8, ambayo ndo hiyo haiingii.

Naomba mtoe masahihisho, na tarakimu zote 10 zikae mstari mmoja, safari ile mlizikata katikati.

Msomaji wenu, Morogoro