Niko nyumbani, na nina kazi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwajibu wanaotuita akina mama wa nyumbani "magolikipa", yaani watu wa kukaa tu nyumbani bila kazi.

Jumamosi ni siku yangu ya kuoka. Hapa Njombe mwezi wa saba baridi ni kali na unga hauumuki haraka, kwa hiyo donge nalifunika kwa kitenge na kuliweka karibu na jiko, si juu yake. Sina oveni. Natumia sufuria kubwa yenye mchanga, mkaa kidogo chini na mwingi juu ya mfuniko. Moto wa chini ukizidi, mkate unaungua kitako na katikati bado mbichi. Harufu ya iliki ikianza kutoka, watoto wa jirani hao mlangoni!

Mume wangu akirudi kutoka kwenye viazi, hukata kipande cha pembeni kingali moto, akanywa na chai ya rangi huku akinisimulia ya shambani. Kabla ya kulala tunasoma Neno na kuombeana. Saa hiyo naipenda kuliko zote.

Wapo wanaosema Biblia inamfungia mwanamke jikoni. Wasome Mithali 31: mwanamke yule huamka kungali usiku awalishe watu wake, na huyo huyo huangalia shamba akalinunua.

Siwadharau wanaokwenda ofisini. Dada yangu ni muuguzi na ninajivunia kazi yake. Ombi langu ni moja: tunapojaza fomu za shule au zahanati, tusiandikiwe "hana kazi".

Mama wa nyumbani,
Njombe