Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Uamuzi wa Kutotangaza Mwanya Mapema, na Mambo Mengine ya Chama

Ndugu wanachama,

Kwa mujibu wa katiba yetu, nawasilisha kwenu taarifa ya kazi za chama chetu cha watu wa usalama wa kompyuta kwa mwaka unaoishia leo. Naanza na yale ya kawaida, ambayo wengi wenu mlishiriki au mlisoma kumbukumbu zake, kwa hiyo sitayarefusha.

Kamati tendaji ilikutana kama katiba inavyotaka. Mafunzo ya kila robo mwaka yalifanyika yote: kuorodhesha maktaba, yaani vipande vya msimbo vilivyoandikwa na wengine, zinazobebwa ndani ya programu tunazotumia, kubadilisha funguo za seva, kujaribu sasisho kabla ya kulipeleka kwenye seva za kazi, na kumwandikia mtunzaji wa programu taarifa inayoeleweka ya mwanya, yaani kasoro ya usalama. Tovuti ya chama imehamia kwenye seva mpya. Kazi hiyo niliisimamia mwenyewe na hakuna ukurasa hata mmoja uliopotea. Hesabu zimekaguliwa, mweka hazina atazisoma baadaye. Nawashukuru waliojitolea.

Sasa niingie kwenye jambo ambalo najua ndilo lililojaza ukumbi leo. Mwaka huu kamati iliarifiwa juu ya mwanya mkubwa katika maktaba ya programu huria inayotumiwa na karibu kila mmoja wetu, ikaamua kutowaambia wanachama mpaka pachi, yaani marekebisho ya kuziba mwanya, ilipotoka. Yamesemwa mengi. Imesemwa tuliwaficha, imesemwa tulijilinda wenyewe kwanza, na mjumbe mmoja wa kamati alijiuzulu. Nina haki ya kujibu, nanyi mna haki ya kusikia jambo zima kwa mpangilio wake.

Mwanya wenyewe ulikuwa hivi. Maktaba hiyo ndogo kazi yake ni kusoma mafaili ya picha. Kila faili la picha huanza na kichwa kinachotaja upana na urefu. Maktaba huzidisha namba hizo mbili ili ijue itenge nafasi kiasi gani kwenye kumbukumbu ya kompyuta, kisha humimina data ya picha humo. Mwanachama mwenzetu aliona kwamba hakuna mahali msimbo unapohakiki jibu la kuzidisha. Chukueni upana wa 65,536 na urefu wa 65,536: katika namba ya biti 32, jibu ni kubwa kuliko nafasi iliyopo, kwa hiyo linafurika na kurudi sifuri. Programu inatenga nafasi finyu, inamimina data nyingi, na inayozidi inaandika juu ya kumbukumbu za jirani. Anayejua anachofanya anaweza kuitumia data hiyo ya ziada kuendesha amri zake ndani ya mashine yako, na wewe hukufanya lolote zaidi ya kupokea picha. Seva inayotengeneza vijipicha vya wasifu wa watumiaji haihitaji hata mtu wa kuifungua picha hiyo.

Mwanachama huyo, ambaye ameomba asitajwe jina, alituletea jambo hili badala ya kulimwaga hadharani usiku uleule. Nampongeza mbele yenu. Kamati ilikaa siku hiyohiyo kwa wito wangu. Tuliamua kwa kura kumwandikia mtunzaji peke yake, kwa ujumbe uliofichwa kwa ufunguo wake, tumpe muda usiozidi siku 90, na tusimwambie mtu mwingine yeyote. Siku 90 hatukuzibuni sisi. Ndicho kikomo ambacho Project Zero, kikundi cha Google cha kutafuta mianya, kimekitumia kwa miaka, na watafiti wengi wamekifuata.

Lawama ya kwanza ni kwamba wanachama mnalipa ada ili mjue mapema, kwa hiyo mlipaswa kujua mapema. Naomba tufikiri pamoja. Chama hiki hakina mlango. Yeyote anayejaza fomu anaingia, na hatujui kila mmoja anafanya kazi kwa nani. Ujumbe wa kwenda kwa wanachama wote ungekuwa mitaani kabla ya jua kuzama. Kutangaza mwanya usio na pachi ni kumwonyesha mwizi dirisha bovu wakati fundi bado yuko njiani.

Tuna mfano ambao haujapoa. Mwanya wa Log4j, maktaba ya kuandika kumbukumbu za matukio ya programu, wenye namba ya utambulisho CVE-2021-44228, uliripotiwa kwa siri kwa watunzaji wake, Apache, tarehe 24 Novemba 2021. Tarehe 9 Desemba, kabla toleo rasmi lenye marekebisho halijatangazwa, namna ya kuutumia ilikuwa tayari hadharani. Ilitosha kuifanya seva iandike kwenye kumbukumbu zake za matukio mstari unaoanza na ${jndi:ldap://, nayo maktaba ingeenda yenyewe kwenye seva ya mshambuliaji, ilete msimbo na kuuendesha. Watu waliandika mstari huo kwenye gumzo la mchezo wa Minecraft, wengine kwenye sehemu ya jina la simu zao. Uzito wake ulipimwa 10 kati ya 10. Toleo 2.15.0 likatoka, likaonekana halitoshi, ikaja 2.16.0, kisha 2.17.0, kisha 2.17.1, yote ndani ya Desemba hiyohiyo. Waliokuwa zamu mwezi ule wanajua hali ilivyokuwa. Mimi nilikuwa zamu.

Wapo waliogeuza mfano huohuo dhidi yangu. Wanasema kwamba dalili za mashambulizi ya Log4j zilionekana tangu tarehe 1 Desemba, kwa hiyo usiri haukumsaidia mtu. Hoja hii ina uzito na kamati haikuipuuza. Ndiyo maana katika kumbukumbu za kikao chetu, ambazo mwanachama yeyote anaweza kuomba nakala, imeandikwa kwamba tukiona dalili yoyote kuwa mwanya wetu unatumiwa, tutatangaza siku hiyohiyo, pachi iwepo isiwepo. Tulikuwa tukiangalia. Dalili haikuonekana. Wanaosema kamati ilifumba macho hawakuzisoma kumbukumbu hizo.

Lawama ya pili ni kwamba tungeweza kuwaambia mzime sehemu ya kupokea picha bila kutaja sababu. Jamani. Mtu akiambiwa azime sehemu ya picha, na anayeambia ni chama cha watu wa usalama, atachukua muda gani kufungua msimbo na kutafuta mahali panapozidishwa namba? Programu huria msimbo wake uko wazi kwa kila mtu, na hilo ndilo linalotufanya tuipende. Hata pachi yenyewe ni tangazo: mstari mmoja ukibadilishwa, mshambuliaji analinganisha la zamani na jipya, na tatizo analiona. Baada ya pachi kutoka hakuna siri tena, kuna mbio.

Lawama ya tatu ndiyo iliyoniuma: kwamba wajumbe wa kamati waliziba seva zao mapema. Si kweli. Ni kweli kwamba katika Heartbleed, mwanya wa programu ya OpenSSL wa mwaka 2014, kampuni chache kubwa ziliambiwa kabla ya tangazo la tarehe 7 Aprili na kujiziba, na manung'uniko yakawa makubwa kwa haki kabisa. Kwa kulijua hilo, niliwataka wajumbe wote wakubali kutogusa seva zao mpaka siku ya tangazo. Seva yangu mwenyewe, ambayo kazi yangu inaitegemea, ilikaa na mwanya huo muda wote kama za kwenu. Sikulala vizuri, lakini sikuigusa. Mjumbe aliyejiuzulu alipinga sharti hili hasa. Namheshimu, na maoni yake yameandikwa kikamilifu.

Niseme pia kuhusu mtunzaji wa maktaba ile, kwa sababu wapo waliouliza kwa nini tulimvumilia. Ni mtu mmoja. Anaifanya kazi hiyo jioni, baada ya kazi inayomlipa. Alitujibu kwa adabu, akaomba tumsaidie kuandika majaribio, na wanachama wawili wa kamati walimsaidia. Tukumbuke xz. Maktaba ile ya kubana mafaili ilikuwa mikononi mwa mtunzaji mmoja aliyechoka, akisukumwa na akaunti zisizojulikana zilizomlalamikia kwamba anachelewa. Aliyejiita Jia Tan alijitolea kusaidia kwa zaidi ya miaka miwili, akaaminiwa, na matoleo 5.6.0 na 5.6.1 ya mwanzoni mwa 2024 yakatoka na mlango wa nyuma, yaani njia ya siri ya kuingilia, ndani yake. Ulikaribia kuingia kwenye matoleo ya kudumu ya mfumo wa Linux duniani kote. Mhandisi wa programu Andres Freund aligundua kwa sababu kuingia kwenye seva kwa SSH, njia salama ya kuingia kutoka mbali, kulichukua kama nusu sekunde zaidi ya kawaida, na hakuridhika mpaka ajue kwa nini. Naye pia aliwaarifu kwanza watu wa usalama wa Debian na wa mifumo mingine ya Linux, ndipo akatangaza tarehe 29 Machi. Kumbomoa mtunzaji kwa kelele ndiyo njia waliyoipitia wale waliotaka kumpora kazi yake. Sitaki chama chetu kipige kelele hizo.

Pachi ilitoka kabla ya siku 90 kufika. Saa hiyohiyo tuliwatumia tangazo lenye namba ya toleo jipya, amri ya kusasisha kwa kila mfumo wa kawaida, na namna ya kukagua kama maktaba hiyo imefichwa ndani ya programu nyingine. Niliandika tangazo hilo mwenyewe na kulipitia na mjumbe wa kamati mwenye uzoefu.

Na sasa naomba nisikilizwe. Tuliwaomba mthibitishe kwamba mmesasisha. Wiki moja baadaye walikuwa wamethibitisha chini ya robo. Mwezi mmoja baadaye, bado chini ya nusu. Baadhi ya walioniandikia kwa ukali kwamba tumechelewa kuwaambia, seva zao zilikuwa bado zinaonyesha toleo la zamani kwa yeyote anayeuliza. Sitawataja. Lakini kama siri yetu ya majuma machache iliwaudhi, nini kiliwazuia kuchukua pachi ilipokuwa mezani? Equifax, kampuni ya Marekani inayotunza taarifa za mikopo ya watu, hawakukosa taarifa. Pachi ya mwanya CVE-2017-5638 katika Apache Struts, programu ya kutengenezea tovuti, ilitoka tarehe 7 Machi 2017, washambuliaji wakaingia Mei, na taarifa za watu wapatao milioni 147 zikaondoka. Miezi miwili ilipita katikati, na pachi ilikuwapo siku zote hizo.

Kikao cha dharura tulichokiitisha kuelezea mwanya huo hakikufikisha akidi. Mafunzo ya kusasisha yalihudhuriwa na theluthi ya waliojiandikisha, na ya mwisho yakahudhuriwa na watu wasiojaza meza moja. Leo ukumbi umejaa, na nafurahi, ila ningefurahi zaidi kama mngekuja siku ile.

Ada. Waliolipa kikamilifu hawafiki nusu ya wanachama. Wanaodaiwa miaka miwili au zaidi ni karibu theluthi. Kati ya waliosaini barua ya kupinga uamuzi wa kamati, wengi wana deni. Kabla ya Heartbleed, OpenSSL, programu iliyokuwa ikilinda sehemu kubwa ya intaneti, ilikuwa ikipata michango ya takriban dola 2,000 kwa mwaka. Dunia nzima ilishangaa ilipojua. Sisi tulipanga mwaka huu kumchangia mtunzaji wa maktaba ile kiasi kidogo kutoka mfuko wa chama, na mweka hazina alipofungua hesabu hakukuwa na cha kutosha. Nilimwandikia mtunzaji kumweleza. Ilikuwa barua ngumu kuliko zote nilizoandika mwaka huu, na sikuona sababu ya kuiandika mimi peke yangu.

Mipango ya mwaka ujao: tunatarajia kuwa na utaratibu ulioandikwa wa kutangaza mianya, kutegemea maoni yenu. Tunatumaini kufanya mafunzo zaidi kwa njia ya mtandao. Tungependa kuanzisha mfuko wa watunzaji, hali ya fedha ikiruhusu. Kamati pia inafikiria kuwaomba wanachama waorodheshe maktaba wanazozitegemea, ili mwanya ukitokea tujue ni nani wa kumpigia simu kwanza. Hili lilizungumzwa mwaka jana pia, na bado naamini linawezekana.

Mezani kuna hoja ya kubadilisha kanuni ili kila mwanya ufikishwe kwa wanachama wote ndani ya saa 48 tangu kamati kuupata, pachi iwepo isiwepo. Mimi naipinga, na nitasimama kuipinga. Saa 48 hazimtoshi mtu mmoja kuelewa tatizo, kulitengeneza, na kuhakikisha matengenezo hayafungui tundu jingine. OpenSSH, watengenezaji wa programu ya SSH, waliziba tatizo moja mwaka 2006, likarudi bila kukusudiwa katika mabadiliko ya mwaka 2020, na halikuonekana mpaka 2024, nao ni miongoni mwa watu makini kuliko wote katika kazi hii. Nipo tayari kukubali kikomo kifupi kuliko siku 90, na nimewaambia waleta hoja hivyo. Nipo tayari pia kuwa kila uamuzi wa kunyamaza ukaguliwe baadaye na wanachama watatu wasio wa kamati, watakaochaguliwa nanyi.

Kura itapigwa baada ya taarifa ya mweka hazina. Kwa mujibu wa katiba, mwenye deni la ada hapigi kura. Meza ya malipo iko wazi mpaka mweka hazina atakapomaliza kusoma.

Naomba kuwasilisha.

Mwenyekiti