Gari la mama na gari la moyo

Tudor, Mombasa
Jumapili jioni

Sahibu yangu,

Salamu nyingi kutoka kisiwani. Sisi hatujambo, ni joto tu linatupika. Mwambie mama maembe yamefika, na yale yaliyopondeka njiani shemejiyo ameyafanya achari, kwa hivyo hakuna kilichopotea.

Haya, yale magari mawili ya mtumba unayofikiria kununua, Peugeot na Toyota. Uliniambia, "Niangalizie tu kama yafaa." Neno dogo hilo limenila siku tatu. Nimelala chali chini ya gari la mtu, nimetoka nyumbani alfajiri nikisingizia mkate, na mpaka leo shemejiyo anatafuta sumaku ya mlango wa friji. Ninayo mfukoni.

Naanza na Peugeot, kwa sababu najua barua hii umeifungua ukitafuta habari zake. Ile Toyota umeiandika kwenye ujumbe wako ili uonekane una akili.

Iko uani kwa mzee mmoja hapa hapa Tudor, chini ya mkungu. 504 nyeupe, gia kwenye usukani, namba za zamani kabla hazijaanza hizi za KAA. Nilipofunga mlango ukalia ule mlio wake mzito, nikamkumbuka marehemu babako na ile ya watu saba aliyokuwa akipeleka bara. Zama zile mtu akisema anasafiri na Peugeot hukumuuliza gari gani wala ya nani, ulijua ni teksi. Kwa hivyo nakuelewa. Lakini umenituma niangalie gari, hukunituma nikamlilie babako, na siku ya kwanza nilikaribia kukosea hapo.

Dalali ndiye aliyenipeleka. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Huyu alishanitumia picha kumi na mbili kabla sijamwomba hata moja. Tulifika saa moja asubuhi. Kabla hajafungua mdomo niliweka kiganja juu ya boneti: moto. Gari lisilotembea, limeegeshwa uani, saa moja asubuhi, boneti moto. Ndiyo kusema lilishawashwa mapema, likachemka, likatoa moshi wake wote, kisha nikaitwa mimi. Likawaka kwa ufunguo mmoja, dalali akanitazama kama aliyelizaa yeye. Nikasifu, nikanywa kahawa ya mzee, nikaondoka.

Siku ya pili nikapita peke yangu baada ya sala ya alfajiri, na mkate wangu mkononi. Mzee alikuwa ameshaamka anafagia ua, akacheka, akanipa ufunguo. Safari hii boneti ilikuwa baridi na ina umande. Liliwaka mara ya tatu, likatoa moshi wa buluu kwa muda wa kuhesabu kumi, kisha ukakatika. Hiyo si habari mbaya sana. Moshi wa buluu unaotoka wakati wa kuwasha tu kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, vile vipira vya kuzuia oili, zimekauka na oili imechuruzika usiku. Ungeendelea kila ukikanyaga mafuta, hapo ni ringi za pistoni, na ningekwambia tufunge mjadala. Nilifungua kifuniko cha oili, ndani ni kweusi na kusafi, hakuna ule ute wa rangi ya chai ya maziwa unaoonyesha maji yameingia kwenye oili. Na injini zile silinda zake ni za kuvalishwa. Zikilika zinatolewa zikatiwa nyingine, hununui injini nzima. Kwa injini, mzee ameitunza.

Sasa ndipo ilipoingia sumaku. Gari la pwani usilitazame rangi. Chumvi ya hewa hii inaanza kula chini, kwenye vizingiti vya milango, sakafu, na nyuma ya matairi, na fundi wa bodi ana dawa yake: anapaka pati, ule udongo wa kuzibia mashimo, juu ya kutu, anapiga msasa, anapuliza rangi, nawe unaona kioo. Sumaku haidanganyiki, hushika chuma na pati haiitaki. Nikaipitisha kwenye milango, ikashika. Boneti, ikashika. Nikashuka kwenye kizingiti cha upande wa dereva, ikadondoka. Nikaiokota, nikajaribu mbele kidogo, ikadondoka tena. Upande wa pili hivyo hivyo. Nikafunua zulia la nyuma ya kiti cha dereva, nikauona mchanga wa Tudor, na siafu mmoja akipita zake. Sakafu hamna hapo, sahibu. Kuna zulia.

Matairi yana meno marefu, dalali aliyasifu sana. Soma tarakimu nne za mwisho kwenye ule mstari unaoanza na DOT pembeni mwa tairi: mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. Haya yameandikwa 0911. Yametengenezwa Machi 2011 na hayajaenda popote, yamekauka yakapasuka kama visigino. Unanunua manne mapya kabla ya kuvuka daraja la Nyali.

Umeniandikia kwamba 504 ilishinda Safari Rally. Kweli, 1975 na Ove Andersson, na 1978 na Jean-Pierre Nicolas, ingawa ile ya 1978 ilikuwa kupe, ya milango miwili na injini ya V6, binamu wa mbali wa hii ya mzee. Lakini magari yale yalikuwa na mafundi wanaosubiri njiani na spea mkononi. Wewe ukizimikiwa pale Kikambala, njia ya kwenda kwako Kilifi, utasubiriwa na nani? Ukitaka kunishinda kwa rali, nitajie Joginder Singh. 1965 alishinda na Volvo PV544 ambayo ilishatumika na wengine kabla yake, mtumba hasa. Hapo ningenyamaza kidogo, kisha ningekukumbusha kuwa Joginder alikuwa fundi, analijua gari lake skrubu kwa skrubu. Wewe mwaka jana ulimwita fundi kutoka Malindi aje kukaza betri.

Sikucheki, maana mimi nilifanya ujinga mkubwa kuliko huo. Unaikumbuka Datsun 120Y yangu ya kijani. Niliinunua 60,000 kwa sababu ilikuwa 60,000, sikuwa na sababu nyingine. Wiki ya pili nikiwa natoka feri upande wa Likoni, saa kumi na moja jioni, ikazimika katikati ya mpando. Nyuma yangu feri nzima: matatu, bodaboda, mikokoteni, na mama mmoja mwenye ndoo ya samaki aliyenitukania ukoo kwa Kidigo safi. Vijana wanne wa mikokoteni wakanisukuma hadi juu, kila mmoja shilingi mia. Fundi akasafisha kabureta, ikatembea siku mbili. Akasafisha tena, siku tatu. Mara ya nne akaja fundi mwingine, mzee, akafungua tangi la mafuta akamulika ndani: kutu imejaa kama majani ya chai, kila nikiendesha inavutwa kwenye filta. Kosa lilikuwa kwenye tangi siku zote, sisi tunatibu kabureta. Mwaka ule nilitumia 94,000 juu ya zile 60,000, nikaiuza 45,000, na mnunuzi aliniona mwema.

Na usidhani utapata ya zamani iliyo nzima kutoka nje. Gari la mtumba lililozidi miaka 8 kwa kawaida haliruhusiwi kuingia nchini; yale unayoyaona yakishuka Kilindini ni ya juzi, na bei zake za leo. Kwa hivyo gari la zamani lolote tunaloliona hapa limezeekea hapa hapa, kwenye chumvi hii hii na mashimo haya haya. Wala bima kubwa hulipatii kwa urahisi. Kampuni nyingi zitakupa ya kulipia hasara ya mtu mwingine tu.

Haya, Toyota. Corolla 110 ya mwaka 1998, rangi ya fedha, iko yadi moja njia ya Changamwe, wanataka 340,000. Mita inasoma kilomita 96,000. Kwa umri wake, hata kama ilikuwa ikienda msikitini na kurudi ingezidi hizo. Mpira wa kanyagio la breki umelika hadi chuma kinang'aa, na ukingo wa kiti cha dereva umelala kama godoro la gesti. Mita imerudishwa, au imebadilishwa, sina shaka. Lakini hilo halikunitisha, kwa sababu nilishaacha kuisoma mita. Nilimwambia kijana wa yadi tupande mlima wa Mazeras, eyakondishani ikiwa imewashwa, madirisha yamefungwa. Mshale wa joto haukusogea. Gia zinaingia bila ugomvi. Tukishuka niliachia usukani kidogo, ikaenda sawa, na breki haikuvuta upande. Sumaku ilidondoka mahali pamoja tu, bawa la mbele kushoto, iligongwa siku moja ikatengenezwa, basi. Mkanda wa taimingi ubadilishe siku hiyo hiyo ukiinunua, usimwamini atakayekwambia ulibadilishwa. Spea zake utazipata Mwembe Tayari hata usiku wa kuamkia Idi.

Ningekwambia chukua, lakini nilifanya jambo moja la mwisho. Niliingia eCitizen, ile tovuti ya huduma za serikali, nikaitafuta namba ya gari, kwa pesa isiyofika ya kuku mmoja. Majibu yakaja na majina mawili ya wamiliki: la mwenye gari na la mkopeshaji. Yaani gari bado ni dhamana. Nilipomwonyesha kijana wa yadi alisema, "Hiyo ni karatasi tu, mzee." Karatasi tu! Siku mwenye gari akishindwa kulipa, hiyo karatasi itakuja na breki dauni, ikukute Mtwapa na mama yuko kiti cha nyuma akielekea kliniki.

Hapo ndipo fikira zangu zilipotulia. Unataka gari la kumleta mama Mombasa kila wiki mbili, kilomita sitini kuja na sitini kurudi, lisizimike. Na unataka gari la babako. Hizo ni haja mbili, nawe umeziweka kwenye bajeti moja ukatumaini dalali atazioanisha. Peugeot kwa 220,000 anazotaka dalali si rahisi. Nilikaa na fundi wangu wa Shimanzi tukapiga hesabu: vizingiti na sakafu kuchomelea, matairi, sili, breki zote nne kufunguliwa, mabomba ya maji, akanipa 180,000 akiwa na huruma. Hapo tumefika 400,000, na bado siwezi kukuambia mpandishe mama.

Kwa hivyo, kwa mama, tuichukue 110, lakini kwa njia yangu. Shilingi haitoki mfukoni mpaka tukutane sote watatu ofisini kwa mkopeshaji, deni lilipwe kutoka pesa zako mbele ya macho yako, watoe barua ya kuliachia gari, na uhamisho uanzishwe siku hiyo hiyo. Kinachobaki ndicho cha mwenye gari. Akikataa, tunaondoka, 110 si gari la kutafuta kwa tochi mjini hapa. Na sitoi zaidi ya 300,000, ule mpira wa breki nitamwonyesha.

Kuhusu Peugeot, kuna jambo dalali halijui. Nilipokuwa nikirudisha zulia mahali pake, mzee alisimama nyuma yangu na ufagio. Akaniuliza kama mnunuzi atalikata auze spea. Nikamwambia la, baba yake aliwahi kuendesha Peugeot, anataka kukaa nalo. Akanyamaza kidogo, akasema 220,000 ni bei ya dalali. Yeye kwa mtu wa namna hiyo angeliachia 130,000, na halipeleki popote mpaka mtu huyo aje mwenyewe alione. Sikumjibu. Sakafu bado haipo, na hesabu ya fundi ni ile ile. Lakini nimekwambia, kwa sababu nisingekwambia ungekuja kujua kwa mtu mwingine ukanilaumu mpaka kaburini.

Jumamosi panda matatu ya mapema. Yadi inafungua saa mbili. Usije na kanzu nyeupe, maana najua tukitoka Changamwe utataka tupite Tudor, na ukifika utataka kulala chini yake nawe.

Mzee aliniuliza pia gari litakaa wapi huko Kilifi. Nikamwambia uani kwako, chini ya mwembe. Akatikisa kichwa akasema mwembe unadondosha utomvu, unakula rangi. Nikuambie utafute turubai.

Wako,
Sahibuyo wa Tudor