Shukrani kwa aliyenifundisha kuhesabu pumzi za mbwa wangu

Natoa shukrani za dhati kwako dada uliyeketi nami tukimsubiri daktari wa mifugo, ukanisikiliza kwa subira nikieleza jinsi mbwa wangu mzee anavyokohoa na kutweta kwa sababu ya mkamba sugu, yaani uvimbe wa kudumu wa njia za hewa, ugonjwa usiopona ingawa hutulizwa kwa dawa. Ulinifundisha kumtazama akiwa usingizini, kifua kikipanda na kushuka nihesabu pumzi moja, na zikizidi 30 kwa dakika mara kwa mara nimwarifu daktari. Ukanishauri pia nimvue mkanda wa shingoni, ambao hubana koo na kuchochea kikohozi, nimvalishe wa kifuani. Nimwepushe na moshi, wala nisimwache anenepe. Lakini lililomwokoa, naamini kabisa, ni onyo lako kwamba fizi zikigeuka rangi ya samawati hiyo ni dharura isiyongoja kupambazuke. Usiku mmoja niliziona zimegeuka hivyo, nikamkimbiza kwa daktari, akapewa oksijeni, na hadi leo yu hai. Jina lako silijui. Popote ulipo, Mwenyezi Mungu akulipe kheri.