Hatua ya saratani ya matiti haitoshi, tajeni na aina yake

Ndugu Mhariri,

Makala nyingi kuhusu saratani ya matiti humfundisha msomaji hatua ya kwanza hadi ya nne, kisha zikaishia hapo. Hatua hueleza ugonjwa umefika wapi. Dawa huchaguliwa pia kwa aina ya saratani, na aina huanza kujengeka miaka mingi kabla uvimbe haujashikika.

Katika saratani nyingi zinazochochewa na estrojeni, kromosomu (nyuzi zinazobeba jeni) ya 1 na ya 16 hukatika na kuungana vibaya. Seli hubaki na ziada ya mkono mrefu wa kromosomu ya 1 na pungufu ya ule wa 16. Mwaka 2023 watafiti wa Japani walionyesha kuwa badiliko hilo laweza kutokea tangu umri wa kubalehe. Kwenye mkono huohuo wa 16 kuna jeni ya CDH1, inayotengeneza gundi ya kushikanisha seli. Nakala ya pili ikiharibika nayo, seli hujipanga mstari, moja nyuma ya nyingine, na kupenya ndani ya titi. Ndiyo maana saratani ya lobula (vifuko vya tezi za maziwa) mara nyingi haina donge, na mamografia (picha ya eksirei ya titi) huweza kuikosa.

Aina ya HER2, protini inayoihimiza seli ikue, hutokana na jeni yake moja kwenye kromosomu ya 17 kurudufiwa kupita kiasi. Aina isiyo na vipokezi vya homoni (protini za seli zinazoipokea homoni) wala HER2 mara nyingi huanza na kuharibika kwa TP53, jeni inayozuia seli isigeuke saratani. Aliyerithi kasoro ya BRCA1, jeni ya kukarabati DNA, akipoteza na nakala nzima, seli hushindwa kuunga DNA iliyokatika, na udhaifu huo ndio unaolengwa na dawa ya olaparibu.

Kuyatambua yote haya hutegemea kinyama, yaani kipande kilichokatwa kwenye uvimbe kwa ajili ya vipimo, kilichotunzwa vizuri. Kiingie kwenye formalini (dawa ya kuhifadhi) ya asilimia 10 iliyo na bafa, yaani kidhibiti cha asidi, ndani ya saa moja, kikae humo saa 6 hadi 72. Kikicheleweshwa, vipokezi huharibika. Jibu husoma hasi, na mgonjwa ananyimwa tamoksifeni, dawa ya kuzuia estrojeni, iliyomfaa. Hili linatuumiza zaidi, kwa kuwa linazuilika.

Tunaomba makala zenu zimweleze msomaji adai majibu matatu kwa maandishi: vipokezi vya estrojeni, vipokezi vya projesteroni na HER2. Kwa estrojeni, hata asilimia 1 ya seli za saratani zikiwa na kipokezi, jibu huhesabika kuwa chanya. HER2 ikipata alama 2+ (ya mashaka), hilo si jibu la mwisho. Nakala za jeni zihesabiwe kwa FISH, kipimo kinachozionyesha nakala hizo kwa rangi zinazong'aa.

Wataalamu wa patholojia