Elimu ya bure inakopwa dukani kwangu

Mhariri,

Nina duka dogo la vifaa vya shule hapa Mwembe Tayari, Mombasa. Nauza chaki, rimu za karatasi, madaftari na wino wa printa. Ninaloandikia leo ni lile daftari ninaloliweka chini ya kaunta, la madeni.

Muhula wa kwanza nilivuka Likoni na tuktuk, nimebeba rimu 40 na katoni mbili za chaki za shule moja ya upili ya kutwa. Mwalimu mkuu alinipokea kwa heshima, akatia sahihi na mhuri. "Mama, nivumilie kidogo, pesa za mgao wa serikali hazijaingia." Nimemvumilia hadi muhula wa tatu. Simlaumu. Nimemwona kwa macho yangu akitoa pesa mfukoni mwake kununua tokeni za stima ili mtihani wa watoto uchapwe. Lakini karatasi zile nilizinunua kwa mkopo wa chama chetu cha akiba, na chama hakingoji mgao. Riba nailipa mimi.

Kitinda mimba wangu aliingia darasa la kwanza mwaka 2003, elimu ya msingi ilipofanywa bure. Nakumbuka watoto walivyojaa hadi wakakaa sakafuni, nasi wazazi tukashangilia. Mwaka 2008 ikaja ya upili ya kutwa. Sitaki hata siku moja tulirudie lile la mtoto kufukuzwa kwa karo. Ndiyo maana naumia.

Ahadi ya serikali ni shilingi 22,244 kwa mwanafunzi wa upili kwa mwaka: nusu muhula wa kwanza, asilimia 30 wa pili, asilimia 20 wa tatu. Julai 2025 Waziri wa Fedha, John Mbadi, aliwaambia wabunge wa kamati ya elimu kwamba kinachowezekana ni kama 16,900. Watu walimkasirikia. Mimi nilishukuru kusikia hesabu ya kweli, nikachukua kikokotoo. Pengo ni shilingi 5,344. Mgao mzima wa muhula wa tatu ni kama 4,449. Basi ni sawa na kuufuta muhula wote wa KCSE, mtihani wa kumaliza upili, na bado pengo halijazibika! Shule ya wanafunzi 300 inakosa 1,603,200 kwa mwaka. Na shule haifungwi. Kuna mtu anayezitoa pesa hizo: mlinzi asiyelipwa, mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule anayeambiwa asubiri, mimi na rimu zangu. Shule za msingi ndizo sitaki hata kuzitaja. Mgao wao wa shilingi 1,420 kwa mtoto kwa mwaka mzima, kwa bei ya dukani kwangu, ni rimu mbili na chenji.

Mteja wangu mwingine ana shule ya kibinafsi ya mabati mtaa wa Bangladesh, kule Jomvu. Hapati senti ya mgao. Ananunua rimu mbilimbili, analipa wazazi wakileta karo, saa nyingine mia mbili mbili kwa simu. Kwa miaka kadhaa serikali ilimpunguzia mzigo kwa kulipia ada ya mtihani wa kitaifa hata kwa watahiniwa wa shule za kibinafsi, na mwaka 2025 ukazuka mjadala wa kama iendelee. Anayedhani shule za kibinafsi zote ni za matajiri aende Bangladesh asubuhi, awatazame wale watoto viatu vyao. Hata hivyo, yule mama huniambia kitu kimoja: afadhali aambiwe mapema kwamba hakuna, ajipange na wazazi wake, kuliko kungojeshwa.

Nami naomba hilohilo. Kama Hazina Kuu ina 16,900, itangaze 16,900 kabla shule hazijafunguliwa, na iziingize wiki ya kwanza. Wabunge wetu wa Mombasa waulize bungeni ni shule ngapi za kaunti hii zina madeni ya wauzaji wadogo, na madeni hayo yalipwe kwanza, kabla ya makandarasi wakubwa.

Muhula ukikaribia, mwalimu mkuu wa Likoni atanipigia tena. Ataniomba rimu 40. Nataka nijue nimjibu nini.

Mama mwenye duka,
Mwembe Tayari, Mombasa