YAH: Vilengeo vya usiku visivyowaka usiku, na dhamana mnayoikana

Houston, Texas
14 Oktoba 2025

Kwa Meneja,
Huduma kwa Wateja.

Ndugu Meneja,

Nimewaandikia mara mbili kwa Kiingereza, na mara zote mbili nimejibiwa na mashine: ahsante kwa kutupa nafasi ya kukuhudumia, suala lako limefungwa. Tovuti yenu inasema mnamsikiliza mteja kwa lugha yoyote. Basi hii ndiyo lugha yangu, tafuteni mkalimani.

Mwezi Julai niliagiza kwenu vilengeo vya usiku, cha mbele na cha nyuma, vya kulengea shabaha kwenye bastola yangu, Glock 19 ya kizazi cha 5. Nililipa dola 109 na usafiri dola 9.50. Mnyonge mnyongeni haki yake mpeni: mzigo ulifika siku ya tatu.

Bastola ninaibeba kila siku ya kazi. Natoka ghalani saa 8 usiku, na uwanja wa magari una taa moja inayowaka ikipenda. Vilengeo vilivyokuja nayo kutoka kiwandani ni vya plastiki, vina alama nyeupe zinazoonekana vizuri mchana. Gizani ni kama havipo. Nilitaka vile vya tritiamu, gesi ya mionzi iliyofungwa ndani ya kichupa kidogo cha kioo, inayokifanya king'ae bila betri. Hicho tu. Triga, yaani kifyatulio, sijaigusa, springi sijazigusa. Bastola ya kubeba kiunoni si gari la mashindano.

Kazi niliifanya mwenyewe mezani, kama tangazo lenu linavyohimiza: "funga nyumbani, okoa pesa ya fundi". Magazini ya risasi nje, chemba nimeikagua kwa jicho na kwa kidole, risasi zote chumba kingine. Cha mbele hushikwa na skrubu moja ndogo inayoingia kwa chini ya slaidi, kile chuma cha juu ya bastola kinachoteleza. Cha nyuma husukumwa kwa ubavu ndani ya mfereji mpana chini na mwembamba juu, kiungo ambacho marehemu baba yangu, seremala wa Ngamiani, Tanga, alikikata kwa patasi kwenye droo za makabati. Kwa hiyo msinieleze habari ya kiungo kinachobana na kisichobana.

Karatasi yenu ya maelekezo inasema kitako cha kilengeo cha nyuma kinaingia bila tupa. Hakikuingia. Nikapima kwa vernia, kipimo cha vitu vidogo: kitako kimezidi mfereji kwa milimita 0.3. Sikulazimisha. Nikawapigia simu, na kijana wenu, mpole kwa kweli, akaniambia nipunguze kitako kwa tupa laini, ila slaidi nisiiguse. Hilo la slaidi hata asingeniambia. Anayepunguza kitu cha dola mia tano ili kitoshe cha dola mia si fundi. Nikasugua chini ya kitako polepole, napima, nasugua, mpaka kikaingia kwa kubana inavyotakiwa.

Sasa cha mbele. Gundi ya kuzuia skrubu isilegee mliyoiweka kwenye pakiti ilikuwa imeganda karibu yote. Hapa nina kosa langu dogo: nilitumia tone lililosalia badala ya kwenda dukani kununua nyingine. Jumamosi iliyofuata, uwanja wa shabaha, nikiwa kwenye magazini ya tatu, kilengeo cha mbele kiliruka. Msimamizi akasimamisha moto mstari mzima, watu kumi na kitu wameweka silaha chini, wananitazama nikitambaa kati ya maganda ya risasi kutafuta kitu kidogo kuliko punje ya mahindi. Nilikipata. Aibu niliondoka nayo pia.

Hata hivyo, hayo yote ningeyameza. Ningenunua gundi, nikafunga upya, yakaisha. Nilichoshindwa kukimeza ni hiki: usiku ule nilizima taa chumbani nione mwanga, nikaona vidoa hafifu vya kijani, kama macho ya mtu mwenye usingizi. Binti yangu alikuwa akichezea boksi, akabandua kibandiko cha bei. Chini yake kuna mhuri wa kiwanda: 2013.

Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Bidhaa mliyoniuzia kama "mpya kabisa" ilikuwa imeshapoteza karibu nusu ya mwanga wake rafuni, kabla sijatoa hata senti. Na kibandiko hakikujibandika chenyewe juu ya mhuri.

Nilipodai pesa yangu, mkajibu kwamba dhamana imekufa kwa sababu "mteja ameibadilisha bidhaa". Yaani ile tupa niliyoelekezwa na simu yenu wenyewe. Mnauza vitu vya kufungwa nyumbani, halafu mtu akivifunga nyumbani mnamwambia ameviharibu. Na tupa imehusu nini na mwaka 2013? Kisha mkanitumia kuponi ya punguzo la asilimia 15 kwa seti ya triga nyepesi! Nimeomba mwanga, mnanipa triga nisiyoitaka.

Ninachodai ni dola 118.50, pamoja na lebo iliyolipiwa ya kurudishia mzigo. Kuponi futeni.

Barua hii ndiyo taarifa ya maandishi ya siku 60 inayotakiwa na sheria ya Texas ya mwaka 1973 inayomlinda mnunuzi dhidi ya biashara za hila. Siku hizo zikipita kimya, nitakwenda mahakama ya madai madogo ya mtaani kwetu, ambako sihitaji wakili. Sheria hiyo inaruhusu fidia hadi mara 3 ya hasara pale muuzaji alipojua anachokifanya, na swali la kama mlijua nitaliacha kwa hakimu aangalie boksi.

Kibandiko nimekihifadhi kwenye bahasha. Picha za boksi, vipimo vya vernia, na tarehe na saa niliyopiga simu nimeambatisha. Vilengeo vya plastiki nimevirudisha kwenye bastola.

Wenu mteja,
Houston